Kabla ya Kuzika Bomba: Kupoza Nyumba kwa Ardhi ya Uvira

Kabla hujamwita fundi wa foraji, yaani wa kutoboa visima, na kabla hujaomba bei ya mashine yoyote, tafuta jembe, koleo na chupa. Chagua sehemu ya parseli yenye kivuli, mbali na choo na mbali na shimo la takataka, uchimbe shimo jembamba la kina cha mita 2. Jaza maji kwenye chupa ya plastiki, ifunge kwa kamba, iteremshe hadi chini, kisha ufunike mdomo wa shimo kwa ubao na gunia ili hewa ya juu isiingie. Iache mchana na usiku mzima. Kesho yake ivute haraka, tumbukiza kipimajoto ndani yake, usome. Uwe Mulongwe, Kasenga au Kavimvira, namba utakayoipata itakuwa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, pengine moja juu au moja chini. Rudia jaribio mwezi wa Julai na tena Oktoba, utakuta tofauti ni ndogo sana.

Namba hiyo ndiyo itakayoamua mengine yote. Ukishuka chini ya pale joto la mchana na ubaridi wa usiku vinapoishia, ardhi hukaa kwenye wastani wa joto la hewa la mahali pale kwa mwaka mzima, au juu yake kidogo. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto kwenye mwambao wake wa kaskazini, upande wetu na upande wa Bujumbura, ni karibu nyuzi 24. Ubelgiji wastani huo ni kama nyuzi 10 au 11. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Liège akikuambia kwamba nyumba yake hupata joto wakati wa baridi na kupoa wakati wa kiangazi kwa bomba lililozikwa uani, anasema kweli: ardhi yake ina joto kuliko hewa ya Januari, na ni baridi kuliko hewa ya Julai. Sisi hatuna majira ya kupasha nyumba joto. Saa nane mchana hewa ya Uvira hufika nyuzi 30 au 31, ardhi iko 25, na hizo nyuzi tano au sita za tofauti ndizo mtaji wote ulio nao. Ni mtaji wa kweli, ila ni mdogo, na nyumba inayoingiza joto kila upande itaumaliza kabla ya adhuhuri.

Ndiyo maana nasema wazi tangu mwanzo: kwa nyumba nyingi za kuishi mwambaoni, fedha ya kwanza iende kwenye paa, ya pili kwenye kivuli na madirisha, na ardhi ije ya tatu. Simkatishi mtu tamaa. Ardhi ya Uvira inaweza kusaidia, na nitaeleza jinsi gani na kwa hesabu gani. Lakini nimeona fedha za familia zikizikwa pamoja na mabomba huku bati lenye kutu likiendelea kuwachoma watu vichwani, na jambo hilo linaniuma.

Paa kwanza

Uvira iko kusini mwa ikweta kwa digrii tatu na kitu. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na siku nyingine haliendi mbali. Paa hupokea jua kuliko ukuta wowote. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, mwanga unaoangukia mita moja ya mraba ya bati hukaribia wati 1000. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Bati lenye kutu huumeza, na joto lake hupita nyuzi 60.

Simama chumbani saa saba mchana, inua kiganja kuelekea bati, kisha kigeuze kuelekea sakafu. Tofauti utakayoisikia kwenye ngozi ndiyo unayopaswa kuiondoa. Hewa ya chumba inaweza kuwa nyuzi 30 tu na bado ukatoka jasho, kwa sababu bati lenyewe linakumulika joto moja kwa moja mwilini. Hakuna hewa ya kutoka ardhini itakayoshindana na hilo.

Dawa yake ni ya bei ya chini. Paka bati rangi nyeupe ya chuma, na kama huna uwezo, paka chokaa kila mwaka mvua zinapokatika, ukijua kwamba masika yatakayofuata yataiosha. Kama mnakinga maji ya kunywa kutoka kwenye paa hilo, hakikisha rangi haina risasi. Chini ya bati weka plafo, yaani dari. Si lazima iwe ya tripleksi. Mikeka ya matete ya delta ya Ruzizi, ikisukwa kwa kubana na kufungwa vizuri kwenye miti, hufanya kazi nzuri. Acha nafasi kati ya plafo na bati, na pande zote mbili za paa toboa matundu ili hewa iliyopata moto itoke. Yafunike kwa wavu, la sivyo popo watahamia. Watu wa Sange na Luvungi wana makapi ya mpunga ya kutosha: tabaka la sentimita 10 juu ya plafo huzuia joto vizuri, mradi makapi yawe makavu kabisa na yawekwe mbali na viungio vya nyaya za umeme, kwa maana yakishika moto huungua polepole kwa ndani na hutajua mpaka kumeharibika.

Baada ya paa, angalia nyumba imeelekea wapi. Hapa nakuomba usinakili ramani ya nyumba ya Bujumbura, hata kama ni ya ndugu yako na ni nzuri. Sisi tuna milima ya Mitumba mgongoni, upande wa magharibi. Jua la jioni hutuacha mapema. Mlima hulimeza na kivuli hushuka hadi ziwani watu wakiwa bado kazini. Wenzetu ng'ambo jua la jioni huwapiga kutoka ziwani mpaka lizame. Kwetu adui ni jua la asubuhi. Huchomoza upande wa ziwa, hupiga ukuta wa mashariki kwa mlalo, na maji huongeza mng'ao wake. Huo ndio ukuta ambao kila mtu huuwekea dirisha kubwa ili aone ziwa, na ukiujenga hivyo bila kivuli, kufikia saa nne chumba kimeshajaa joto la kukaa nalo siku nzima. Jenga baraza upande huo, lenye upana wa mita 1.5 au 2, au panda mwembe mahali ambapo kivuli chake cha asubuhi kitaangukia ukuta. Mandhari ya ziwa utayapata ukiwa umekaa barazani.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hewa iliyopoa kwenye miteremko ya mlima hushuka kuelekea ziwani, na kabla ya alfajiri joto la nje hufika nyuzi 19 au 20. Huo ni ubaridi mkubwa kuliko ule wa ardhini, na unakuja bure hadi mlangoni. Kwa hiyo kila chumba cha kulala kiwe na tundu upande wa mlima na lingine upande wa ziwa. Usiku yote mawili yawe wazi, na ifikapo saa tatu asubuhi yafungwe. Kuta nene za matofali ya kuchoma au ya udongo zitaushika ubaridi huo hadi mchana. Ukifunga madirisha usiku kwa kuogopa mbu na wezi, na hofu zote mbili ni za haki, ukuta utaamka na joto la jana. Weka wavu mzuri wa mbu na nondo imara. Katika mji wenye malaria na wenye wezi, vitu hivyo viwili ni sehemu ya mfumo wa kupoza nyumba sawa na bomba lolote.

Ukishafanya hayo, pima joto la chumba saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku kwa muda wa wiki moja, uandike. Ikiwa saa nane mchana chumba hakivuki nyuzi 28, feni ya wati 50 inatosha, na makala haya unaweza kumpa jirani.

Hewa inayopita ardhini

Kwa ambaye bado anahitaji zaidi, hatua rahisi ni kupitisha hewa ya nje katika bomba lililozikwa kabla haijaingia chumbani. Twende kwa hesabu. Chukua bomba la PVC la kipenyo cha milimita 160, urefu wa mita 30, lizikwe kwenye kina cha mita 2. Feni ndogo isukume mita za ujazo 150 za hewa kwa saa. Hewa ikiingia na nyuzi 31, tuseme inatoka na 27. Joto lililobaki ardhini ni karibu wati 180. Mtu mmoja aliyetulia hutoa kiasi cha wati 100. Maana yake bomba lako la mita 30 limeondoa joto la wageni wawili, wala halijafikia kikamilifu. Sasa geukia paa la chumba cha mita 4 kwa 4: bati lenye kutu la ukubwa huo humeza zaidi ya wati 10,000 adhuhuri, na hata kama sehemu moja tu ya kumi ingepenya ndani, ni wati 1,000. Mabomba matano kama hayo yasingetosha kuiondoa. Hesabu hii fupi ndiyo iliyonifanya nianze na paa.

Hata hivyo bomba moja au mawili kwa chumba cha mgonjwa, cha mzee au cha mtoto mchanga, katika nyumba iliyokwisha kuwekewa plafo na kivuli, ni msaada unaohisiwa. Na kwa jambo moja udongo wetu unatupendelea. Katika nchi za ardhi baridi hewa yenye unyevu hutoa jasho ndani ya bomba na ukungu huota. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha umande ikifika kama nyuzi 21 au 22. Ardhi yetu haifiki huko, kwa hiyo bomba hubaki kavu siku nyingi. Maji ukiyakuta ndani, yameingia kwenye viungio, na hilo ni kosa la mfereji au la gundi.

Kwa hiyo chimba mfereji wenye mteremko, sentimita 2 kwa kila mita, maji yoyote yakiingia yaelekee upande mmoja wenye tundu la kuyachotea. Ondoa mawe, laza bomba juu ya mchanga, na kabla ya kufukia puliza moshi ndani huku mdomo wa pili umezibwa. Moshi ukitoka kwenye kiungio, kifungue ukigundishe upya. Udongo urudishwe kwa matabaka na kushindiliwa, kwa sababu ukiacha mapengo ya hewa kuzunguka bomba, joto halitapata njia ya kwenda. Mabomba mawili yatenganishwe kwa mita moja. Mdomo wa kuvutia hewa uinuliwe mita 1.5 kutoka chini, uwe na wavu wa chuma wa kuzuia panya, nyoka na mbu, na uwe mbali na choo na jiko la makaa. Usiku geuza utaratibu: fungua madirisha kwa ajili ya watu, na hewa ya nyuzi 20 ipitishwe bombani na kutolewa nje, ili ipoze udongo kwa ajili ya kesho. Feni ya wati 30 inaendeshwa na paneli moja ya jua ya wati 100 na betri ndogo, kwa hiyo delestaji, yaani mgawo wa umeme, haikugusi.

Mashine na visima virefu

Wanaposema mfumo wa jotoardhi wa nyumba, wengi huwa wanazungumzia pampu ya joto: mashine yenye kompresa, inayofanya kazi ileile ya friji, iliyounganishwa na bomba jeusi la polietileni lililoteremshwa ardhini. Maji yanazunguka humo, yanachukua joto la nyumba na kulipeleka chini. Huku kwetu hayahitaji kuchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Maji safi yanatosha, na ukiuziwa dawa hiyo umeuziwa kitu cha Ulaya.

Nyumba ya sebule na vyumba viwili, yenye kivuli kizuri, inaweza kuhitaji kilowati 5 za kupozwa. Mashine itakula kilowati 1.2 hivi ya umeme, na jumla ya kilowati 6 na kitu zitakwenda ardhini. Kanuni ya haraka ya mafundi ni wati 50 kwa kila mita ya kisima, kwa hiyo unahitaji mita 120: kisima kimoja, au viwili vya mita 60 vilivyoachana kwa mita 6. Ukitaka kuyalaza mabomba badala ya kutoboa, kwa wati 20 kwa kila mita ya mraba utahitaji mita 300 za mraba za uwanja usio na nyumba, choo wala miti mikubwa. Parseli nyingi za Uvira hazina nafasi hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba joto litakwenda upande mmoja mwaka mzima. Ubelgiji majira ya baridi huja kuchota kile ambacho kiangazi kiliweka. Kwetu hakuna wa kukichota. Udongo unaozunguka kisima utapata joto kidogo kila mwaka, na ile tofauti ya nyuzi tano itazidi kupungua. Mtu akikuletea mahesabu mazuri yenye rangi, muulize swali moja tu: baada ya miaka 10, ardhi yangu itakuwa na nyuzi ngapi? Asiye na jibu amenakili mahesabu ya nchi nyingine. Mwenye jibu atakuambia aongeze urefu wa kisima, au atumie ubaridi wa usiku kupoza maji juu ya paa, au alipeleke joto hilo mahali linapohitajika.

Hili la mwisho ndilo linalonipa matumaini. Kwa nyumba ya kawaida ya familia, kiyoyozi kizuri cha ukutani katika chumba kimoja kitakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kisima, na umeme utakaookoa kwa kisima si mwingi. Lakini nyumba ya wageni inayohitaji vyumba baridi na maji moto ya kuoga kila siku, wodi ya wazazi, duka la dawa lenye friji zisizozimwa, au chumba baridi cha kuhifadhia mikeke na ndagala, hizo ni kazi nyingine kabisa. Humo joto unaloliondoa upande mmoja unaliuza upande wa pili: mashine hupasha maji hadi nyuzi 45 au 50, na kinachobaki tu ndicho kinachokwenda ardhini. Kisima kinakuwa kifupi, ardhi haichoki, na mama aliyejifungua anapata maji ya moto bila kuchoma makaa. Kama una jengo la namna hiyo, endelea kupanga kwa moyo.

Wengine huuliza kwa nini tusitumie ziwa. Toronto, nchini Kanada, tangu 2004 majengo ya katikati ya mji hupozwa kwa maji ya nyuzi 4 yanayovutwa kutoka chini ya Ziwa Ontario. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini ziwa letu lina uvuguvugu hadi chini kabisa: juu nyuzi 25 hadi 28, na kilindini 23 na kitu. Bomba la kilomita nzima lingekuletea maji yasiyopita sana ubaridi wa udongo wa uani kwako. Kama mahali pa mashine kutupia joto ziwa linafaa, kwa kuwa haliwezi kupata moto kwa nyumba zetu, ila mawimbi, mchanga na mwani wa kuziba bomba ni kazi ya mwenye wahandisi na fedha za matengenezo.

Maji, mafuriko na umeme

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za mitaa ya chini, na watu walipita kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa pikipiki. Yeyote anayepanga kuzika kitu chochote Uvira aanze na swali la maji yalifika wapi miaka hiyo. Waulize wazee wa mtaa, tazama alama kwenye kuta.

Kinachosumbua ni kwamba mchanga uliolowa hupitisha joto mara kadhaa kuliko mchanga mkavu. Udongo bora kwa bomba letu ni ule wa chini, karibu na ziwa na karibu na mito, palepale penye hatari. Ukienda juu, kwenye mawe na changarawe zilizoletwa na mito ya mlimani, uko salama zaidi na maji ya ziwa, lakini jembe linagonga jiwe, foraji inakwenda polepole, na fundi atataka kulipwa kwa kila mwamba. Bomba la hewa lisizikwe kamwe mahali ambapo maji ya ardhini hupanda hadi mita 2. Bomba la maji lililofungwa linaweza kuvumilia, lakini mashine yenyewe, na nyaya zake, viinuliwe juu ya alama ya maji ya 2024.

Kisha kuna kipindupindu. Maji ya REGIDESO mjini hutoka mto Mulongwe na pampu zake hutegemea umeme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba bomba za mji zikikauka, siku chache baadaye wagonjwa wa kuhara huongezeka hospitalini. Watu hurudi ziwani na visimani. Kisima cha pampu ya joto kisichozibwa vizuri ni njia iliyonyooka kutoka chooni hadi kwenye maji ambayo jirani anakunywa. Nafasi kati ya bomba na ukuta wa kisima ijazwe saruji iliyochanganywa na bentonaiti, kutoka chini kwenda juu, fundi asikuambie kwamba udongo utajaza wenyewe. Kaa mita 30 kutoka choo chochote, cha kwako na cha jirani. Na kama una fedha za kutoboa mita 120 katika mtaa usio na maji safi, nakusihi kwanza ukae na majirani mzungumze juu ya kisima cha kunywa.

Kuhusu umeme, kompresa haivumilii voltaji inayoshuka. Ikianguka chini ya 180 mashine inajaribu kuwaka, inashindwa, inapata moto na kuungua. Weka stabilizeta, na kifaa cha kuchelewesha kitakachongoja dakika tano baada ya umeme wa SNEL kurudi. Kama nyumba inaendeshwa na grupu, yaani jenereta, hesabu mafuta ya mwaka mzima kabla ya kununua mashine. Mara nyingi hesabu hiyo peke yake humaliza mjadala.

Ukipanda mlimani, na penye maji moto

Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa kama nyuzi 6. Kwa hiyo Minembwe na nyanda zote za juu, kwenye mita 2,500 hivi, zina wastani wa nyuzi 14 au 15, na usiku hushuka mbali zaidi. Huko ndiko hasa nyumba inahitaji kupashwa joto, na ardhi inashinda hewa ya usiku, lakini hakuna gridi ya umeme ya kuendesha mashine. Fedha iende kwenye plafo nene, mlango unaofunga sawasawa, sakafu iliyoinuliwa kutoka kwenye unyevu, na bomba la kutolea moshi wa moto wa ndani. Moshi ule unaua watoto.

Watu huniambia pia kwamba sisi tuko juu ya bonde la ufa na kwa hiyo tuna moto chini ya miguu. Ni kweli kwa baadhi ya mahali. Mwaka 1987 watafiti waligundua chemchemi za moto chini ya ziwa, upande wa Kongo, huko Pemba na kwenye Rasi ya Banza katika rasi ndefu ya Ubwari. Mwaka 1991 wazamiaji wa safari ya TANGANYDRO walishuka hadi mita 46 na kupima nyuzi 53 hadi 103. Ng'ambo ya Kamanyola kuna chemchemi za moto za Mashyuza ya Bugarama, na Rumonge kuna za Mugara. Nchi yetu ilizalisha umeme wa jotoardhi mapema kuliko Kenya: Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, kilowati 200 kwa maji ya nyuzi 91. Lakini moto huo hufuata nyufa za miamba, hauko chini ya kila parseli, na maji moto hayapozi nyumba. Ukiwa karibu na chemchemi, ifikirie kwa kukaushia ndagala wakati wa mvua, zinapooza juu ya mchanga, au kwa bafu la mtaa. Kenya, huko Eburru, wakulima walitumia mvuke wa ardhini kukaushia pareto tangu enzi za ukoloni. Maji hayo yapimwe floridi kabla mtu hajayanywa, na mabomba yawe ya plastiki inayostahimili joto, kwa sababu chumvi zake hula chuma.

Zimebaki karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na hati yako inakupa haki ya kuitumia; maji ya chini yako chini ya sheria ya maji ya mwaka 2015. Pata kibali kabla ya kutoboa, na chefu wa mtaa na majirani wajue siku ya kazi. Mkataba na fundi utaje kina, aina ya bomba na kujaza kisima, na malipo ya mwisho yangoje jaribio la shinikizo: bomba lijazwe maji, lisukumwe hadi bari 6 likiwa bado halijafukiwa, liachwe saa 24. Saa za kwanza kipimo kitashuka kidogo kwa sababu plastiki hutanuka. Kisukumwe tena, na baada ya hapo kisitikisike. Kikiendelea kushuka, usilipe wala usifukie mpaka tundu lionekane.

Wakati mfereji bado uko wazi, piga picha, kisha chora ramani: kila kona ya bomba ipimwe umbali wake kutoka pembe mbili za nyumba, na kina chake kiandikwe. Tandaza utepe wa plastiki wa rangi ya njano sentimita 50 juu ya bomba kabla ya tabaka la mwisho la udongo. Nakala moja ya ramani ikae na hati ya parseli, nyingine ipigiliwe ndani ya mlango wa stoo, kwa sababu atakayekuja kuchimba choo kipya uani baada ya miaka 15 huenda asiwe wewe.